Rejista inasema babu amekula

Mshauri, shikamoo.

Nasoma shahada ya lishe, mwaka wa tatu. Mwenzangu wa chumba anasoma usimamizi wa huduma za afya, naye mwaka wa tatu. Tunaishi pamoja tangu wiki ya kwanza chuoni, tena kwa kupangwa, si kwa kuchaguana. Nilipougua mwaka wa kwanza yeye ndiye aliyeninunulia dawa, akaninakilia na masomo ya wiki tatu kwa mkono wake. Natanguliza hili ili uelewe kwa nini nimekuandikia wewe badala ya kwenda moja kwa moja kwa mwalimu.

Muhula huu sote wawili tulipangiwa mafunzo kwa vitendo kwenye hospitali moja, wiki nane. Mimi wodi ya upasuaji, yeye ofisi ya utawala. Asubuhi tunatoka pamoja, getini tunaachana: yeye anapanda ghorofani kwenye kompyuta, mimi nateremka jikoni kufuatana na toroli la chakula.

Wodini kuna babu mmoja alivunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji, kidonda kikaingia usaha, sasa ni wiki ya tatu anachomwa dawa kwenye mshipa wa mkono wa kulia. Mkono umefungwa bandeji mpaka karibu na kiwiko ili kanula, mrija mdogo wa kupitishia dawa, isichomoke. Kabati lake la kitandani nalo liko kuliani. Saa saba mhudumu anapita, anaweka trei juu ya kabati, imefunikwa, anasukuma toroli lake anaendelea. Babu hawezi kujigeuza kwa sababu ya nyonga. Anaitazama tu. Siku ya kwanza nilidhani hana hamu. Baada ya dakika arobaini trei zinakusanywa. Ya babu haijafunuliwa, jasho la mvuke bado limeganda upande wa ndani wa mfuniko. Kwenye rejista ya milo inawekwa tiki.

Siku ya nne nilivuta kiti nikamlisha kwa kijiko. Alimaliza bakuli zima, akaniuliza kama kuna lingine.

Mshauri, mimi najua kupiga hesabu ya nishati anayohitaji mgonjwa kwa mlinganyo wa Harris na Benedict wa mwaka 1919, nikaongeza cha kidonda na cha homa. Najua mzee wa kilo 53 mwenye kidonda kama kile anahitaji protini kama gramu 64 hadi 80 kwa siku. Hakuna aliyenifundisha kuangalia kabati liko upande gani.

Nikaanza kupima. Niliazima mizani ya jikoni, na kwa siku sita nikapima mabaki ya chakula cha mchana ya vitanda kumi na vinne, kwenye chumba cha kuoshea vyombo. Zaidi ya nusu ya chakula kilirudi. Faili la babu linasema alilazwa na kilo 58. Nilipompima juzi kwa kiti cha mizani alikuwa 53. Hiyo ni karibu asilimia 9 ndani ya wiki tatu, na sisi tumefundishwa kwamba kupungua zaidi ya asilimia 5 ndani ya mwezi mmoja si jambo la kufumbia macho. Nilimpelekea msimamizi wangu wa pale daftari langu. Hakulifungua. Alisema, "Wewe umeletwa kujifunza au kukagua?" Na ndiye atakayesaini kitabu changu cha mafunzo.

Sasa mwenzangu. Kazi aliyopewa ni kuandaa ripoti ya viashiria vya ubora, na kimojawapo ni milo. Alijumlisha tiki za rejista za miezi mitatu, akapata asilimia 98, akachora grafu, akaiwasilisha mbele ya uongozi wa hospitali. Kichwa cha grafu kilisema "Wagonjwa waliokula mlo wa mchana". Mimi nilikuwa nyuma kabisa, nimesimama. Alipigiwa makofi. Usiku ule alirudi chumbani anaimba. Nikamwonyesha daftari langu. Alilitazama kidogo akasema, "Yako ni wodi moja, siku sita. Yangu ni hospitali nzima, miezi mitatu." Kisha akaniambia ameniweka kwenye orodha ya waliokusanya takwimu, upande wa wodi ya upasuaji, ili na mimi nipate jina, na kwamba nisaini fomu kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo. Pasipo saini ya kila aliyetajwa, ripoti haipokelewi chuoni.

Nisiposaini, nimemwangusha mtu aliyenibeba nikiwa kitandani. Nikisaini, nimekubali kwamba babu amekula. Nilipiga picha kwa simu, za trei na za kurasa za rejista, na wenzangu wa darasa wananiambia nizirushe mtandaoni watu wajionee.

Na kuna jambo linanisumbua kuliko hayo yote. Nafikiria kuomba kuhamia usimamizi. Nimeona chumba kile kinavyomsikiliza mwenye grafu. Mwenye mizani hata kiti hakupewa. Nitakuwa nimepoteza miaka mitatu, lakini afadhali hiyo kuliko kuwa mtu wa kuhesabu makombo maisha yangu yote.

Nifanyeje?

Mwenye Mizani

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Kabla sijakaa kwenye kiti hiki cha kujibu barua nilikuwa muuguzi wa wodi, kwa hiyo hapo kwenye mfuniko wenye jasho nilipumua kidogo ndipo nikaendelea. Trei za namna hiyo nimezikusanya kwa mikono yangu. Nimeandika "amekula kidogo" kwa wagonjwa ambao sikuwaona wakila hata punje, si kwa ubaya, ni kwamba ilikuwa saa ya dawa na wodi ina wagonjwa thelathini. Nakwambia hili mapema ili usinisome kama mtu anayekaa pembeni na kutoa alama.

Umeniletea mambo manne kwenye bahasha moja: babu, saini, picha, na kuhama. Kwa kuwa yametokea ndani ya wiki zilezile yamefungamana kichwani mwako, na nadhani hapo ndipo unapochoka. Lakini hayana haraka sawa. Saini ina mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Kuhama kuna mpaka mwisho wa mwaka. Babu ana mpaka saa saba mchana wa leo.

Tuanze naye basi. Ulimpelekea msimamizi daftari lenye vitanda kumi na vinne na hesabu ya siku sita. Ukijiweka kwenye kiti chake, utaona kwamba mwanafunzi wa wiki chache amemletea ushahidi juu ya wodi nzima. Hata mtu mwema angejihami. Je, kuna aliyeambiwa habari za mtu mmoja? Muuguzi mkuu wa wodi, wakati wa kupokezana zamu, akisikia kwamba "babu wa kitanda fulani akilishwa anamaliza, akiachwa peke yake hafikii trei", amepata jambo la kufanya dakika ileile. Hayo si ukaguzi, ni taarifa ya mgonjwa, na mwanafunzi wa lishe ana haki kamili ya kuitoa. Omba iandikwe kwenye faili. Kwenye baadhi ya hospitali za Uingereza, mgonjwa anayehitaji kusaidiwa kula huletewa chakula kwenye trei nyekundu, ili kila apitaye ajue kwamba hii haiachwi tu. Wodi isiyo na trei za rangi inaweza kutumia kipande cha karatasi juu ya kitanda.

Sasa niruhusu nikubane kidogo, kwa kuwa nawe unapenda vipimo. Ulimlisha kwa kijiko, na moyo wako ulikuwa mahali pake. Uliuliza kwanza kama anameza vizuri? Mzee aliyelala chali wiki tatu anaweza kupaliwa, na chakula kikiingia njia ya hewa kinaleta nimonia. Uliuliza kama siku ile hakutakiwa kukaa bila kula kwa ajili ya kipimo au kusafishwa kidonda? Na kama kweli amekaa wiki kadhaa anapata kidogo sana, kumshindilia ghafla kuna hatari yake. Umesoma, nina hakika, jinsi madini ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu yanavyoporomoka kwenye damu mwili wenye njaa unapoanza kulishwa kwa pupa, na jinsi baadhi ya mateka waliokondeana wakati wa Vita Kuu ya Pili walivyozidiwa baada ya kupata chakula, si kabla. Sisemi babu yuko huko. Nasema hilo ni jambo la kuamuliwa na daktari, muuguzi na mtaalamu wa lishe kwa pamoja, na wewe peke yako na kijiko huwezi kulibeba.

Halafu ile kilo 58. Mtu amefika nyonga imevunjika, hawezi kusimama. Nani alimpima, na kwa mizani gani? Mimi nimeshuhudia uzito ukiandikwa kwa kumuuliza jamaa mlangoni, au kwa kumtazama mgonjwa tu. Kama 58 ni ya kukisia na 53 ni ya kiti cha mizani, basi asilimia 9 yako ina mguu mmoja hewani. Huenda amepungua zaidi ya hapo, huenda kidogo. Maji mwilini nayo yanadanganya, na misuli hunyauka kwa kulala tu, hata kwa anayekula vizuri. Hili halikufanyi uwe umekosea. Lakini ukienda kwenye chumba kile na namba hiyo, swali la kwanza litakuwa hili, na ni heri likuulizwe na mimi. Kuanzia leo unaweza kumpima kwa mizani ileile, saa ileile, mara moja kwa wiki, na mzunguko wa mkono wa juu, ule usio na kanula. Hapo utakuwa na namba zako mwenyewe, hutategemea ya mlangoni.

Mabaki vilevile. Ulipima mchana tu. Asubuhi na jioni je? Kati ya vile vitanda kumi na vinne, hapakuwa na aliyekula kilicholetwa na jamaa zake, au aliyepelekewa trei ilhali haruhusiwi kula? Na kuna aliyekupa ruhusa ya kupima? Sikuulizi kukutisha. Kupima mabaki ili kuboresha huduma ni kazi ya kawaida ya lishe, lakini ikifanyika kimyakimya kwenye chumba cha kuoshea vyombo, wanaotaka kuikana wanapata pa kushika.

Lakini hata nikiondoa yote hayo, trei iliyofunikwa inabaki imefunikwa. Wala hujagundua jambo la ajabu la hospitali moja. Mwaka 1974 daktari mmoja wa Marekani, Charles Butterworth, aliandika makala akiwashutumu madaktari wenzake kwamba wagonjwa wanapungua wakiwa ndani ya hospitali, mbele ya macho yao, na miongoni mwa makosa aliyoyataja ni kutoandikwa kwa uzito na kimo. Kilo ya mlangoni, unaona? Zaidi ya miaka mia moja kabla yake muuguzi Mwingereza, Florence Nightingale, alikwishaandika kwamba wagonjwa wengi hufa njaa katikati ya chakula tele, kwa kuwa hakuna anayeshughulikia namna ya kukifikisha mdomoni. Alikataza hata ile tabia ya kuacha chakula kando ya mgonjwa kwa matumaini kwamba atakigusa baadaye. Umepita wodini karne na nusu baada yake ukakikuta palepale.

Tuje kwa mwenzako. Barua yako haikutumia neno "uongo", lakini nimelisikia linapumua chini ya kila sentensi. Nikuulize: ile tiki maana yake nini? Safu ya rejista imeandikwaje kichwani? Kama imeandikwa "Mlo" na si zaidi, basi mhudumu anapoweka tiki anasema kweli: mlo umefika. Mwenzako akijumlisha tiki anasema kweli: milo imefika kwa asilimia 98. Hilo hata ni jambo zuri, zipo hospitali ambako haifiki. Kweli ilipotelea kwenye kichwa cha grafu, pale "iliyopelekwa" ilipogeuka "waliokula". Ni kitenzi kimoja kilichobadilishwa, huenda na mtu aliyekuwa anatafuta maneno mafupi yaenee kwenye skrini saa sita usiku.

Naye hilo amelisoma. Sijui mwanafunzi wa usimamizi wa huduma za afya anayemaliza mwaka wa pili bila kukutana na Avedis Donabedian, aliyefundisha mwaka 1966 kwamba ubora wa huduma unatazamwa kwa sehemu tatu: vilivyopo, yaani jengo, watu na vifaa, yanayofanyika, na yanayompata mgonjwa mwishoni. Trei kufika mezani ni sehemu ya pili. Babu kupona kidonda ni ya tatu. Kati ya hizo mbili kuna mkono usiofika. Ukimwambia "umepika takwimu" atajitetea, na una haki ya kumtarajia ajitetee. Ukimuuliza "hii ni ya kufanyika au ya matokeo?" umemuuliza swali la darasani kwake, na nadhani atanyamaza kidogo.

Jambo jingine nililoliona, sijui kama wewe umeliona: saa saba mchana mwenzako yuko wapi? Yuko ghorofani, au amekwenda kula. Rejista anaifahamu, trei hajawahi kuiona. Wewe nawe rejista za miezi mitatu hujawahi kuzisoma. Kabla ya kumwonyesha daftari tena, vipi ukimwalika aje wodini saa saba, akae kwenye kile kiti chako dakika arobaini, bila hotuba? Hatari yake ipo. Anaweza kukataa. Anaweza kuja, akaona, na bado akasema ripoti imekwishapita. Hapo utaumia kuliko sasa, maana sasa unaweza bado kujiambia kwamba hajui.

Kuhusu saini yenyewe, fomu hiyo inasema nini hasa? Isome neno kwa neno. Kama inasema umekusanya takwimu za rejista za wodi ya upasuaji, nauliza: ulizikusanya? Kutokana na ulivyoeleza, hukuzikusanya, uliwekewa jina kama zawadi. Zawadi ile ameitoa kwa upendo, kama zile daftari za wiki tatu, na ni vigumu sana kukataa zawadi ya mtu unayedaiwa naye. Lakini jina kwenye ripoti linaulizwa maswali, na atakayeulizwa wodi ya upasuaji ilikuwaje ni wewe.

Unaweza kusaini ilivyo. Urafiki utapita Ijumaa salama, na wewe utabaki na jambo ambalo hutaweza kulizungumza na mtu uliyelala naye chumba kimoja miaka mitatu. Huenda ukaweza kuishi nalo, watu wengi wanaishi na zaidi ya hilo, lakini barua yako haikusomeka kama ya mtu ambaye ataweza. Unaweza kumwomba akuondoe kwenye orodha, jina litoke na saini isihitajike. Hiyo ni laini, ripoti yake inapita, ila grafu inabaki na kitenzi kilekile na babu hayumo. Unaweza pia kumwambia utasaini kama mambo mawili yataingia: kichwa cha grafu kisomeke "Milo iliyopelekwa", na iwepo aya moja inayosema rejista haionyeshi kama mgonjwa alikula, ikifuatiwa na ulichokiona wewe, pamoja na upungufu wake wote, wodi moja, siku sita, mchana tu. Mwenye kusahihisha chuoni huenda akaipenda zaidi ripoti inayojua mwisho wa uwezo wake. Huenda pia ikabidi arudi kwa uongozi uliompigia makofi akawaambia neno moja lilikosewa, na hilo si dogo kwa mwanafunzi. Usimwombe kama vile unamwomba achovye kalamu tu. Mwambie unajua unachomwomba, na ujitolee kwenda naye, safari hii usisimame nyuma.

Na ipo njia ya mratibu wa mafunzo kwa vitendo chuoni. Yupo kwa ajili ya mambo kama haya, hasa la msimamizi kukataa kufungua daftari na wewe kuogopa kitabu chako. Unaweza kumwendea kuuliza bila kumshtaki mtu: "Nimeona hili wodini, utaratibu wa kulisema ni upi?" Ila ukienda huko kabla ya kuzungumza na mwenzako, naye akasikia kwa mlango mwingine, mambo ya kichwa cha grafu yatasahaulika na yatabaki ya nani alimchongea nani.

Picha, mwanangu, naomba zisitoke kwenye simu yako. Kwenye kurasa za rejista kuna majina ya wagonjwa, au namba za vitanda na tarehe ambazo jamaa anaweza kuzitambua. Babu alikuruhusu umlishe, hakukuruhusu umtangaze. Zikirushwa, gumzo siku ya pili halitakuwa trei, litakuwa wewe na siri za wagonjwa, na wahudumu wa kulaumiwa watakuwa wale wanaosukuma toroli, wenye mshahara mdogo kuliko wote mle ndani. Kama unazihitaji kwa ajili ya mratibu, muulize yeye kwanza kama za rejista unaruhusiwa kuwa nazo hata kidogo. Wenzako wa darasa hawatakuwepo siku utakapoitwa kujieleza.

Nimebakiza kuhama, kwa kuwa nalo ndilo ulilosema linakusumbua kuliko yote, na sina uhakika kama ni kuhama kweli au ni uchungu wa kusimama nyuma ya chumba. Usimamizi ni kazi ya heshima. Wodi haiendi kwa huruma: kuna zamu za kupanga, bajeti ya jiko, idadi ya mikono saa ya chakula. Zipo wodi zilizoamua kwamba saa ya mlo shughuli zisizo za dharura zisimame, hakuna raundi wala kupeleka mgonjwa kupimwa, ili kila mtu ashughulike na sahani. Uamuzi huo hutoka kwa meneja, mtaalamu wa lishe peke yake hawezi kuutoa. Kama hilo ndilo linalokuita, nenda, wala usiite miaka mitatu kupoteza. Hakuna meneja aliyedhurika kwa kujua sahani inarudije jikoni.

Lakini kama unahamia ili usikilizwe, nina wasiwasi kidogo. Huyo Nightingale niliyemtaja watu humkumbuka kwa taa aliyozunguka nayo usiku kuwatazama wagonjwa, wakasahau kwamba mwaka 1858 alikuwa mwanamke wa kwanza kupokewa katika chama cha wanatakwimu cha London. Michoro yake ya vifo vya askari wa vita vya Crimea ilionyesha wakubwa kwamba magonjwa yanayozuilika yaliua wengi kuliko majeraha. Alikuwa na sahani na grafu mkononi kwa wakati mmoja. Wewe unaye mwenye grafu kitanda cha pili chumbani kwako, anakoroma. Sijui kama hilo linajibu swali lako au linaliongezea.

Ongea na mshauri wa masomo kabla ya kujaza fomu yoyote, uliza ni masomo mangapi yatahesabiwa na kama zipo shahada za uzamili za usimamizi zinazopokea wahitimu wa lishe. Usiulize wiki hii lakini. Wiki hii una hasira, na una haki nayo.

Niandikie tena baada ya Ijumaa, hata kama mambo yamekwenda vibaya. Na nieleze jambo moja ambalo nimelitafuta kwenye barua yako mara ya kwanza na ya pili nisilione. Umeandika kwamba kabati la babu liko kuliani, upande wa mkono wenye bandeji. Umeandika ulivyomlisha, ulivyopima, ulivyopiga picha. Limeshahamishiwa kushoto?